Swali moja kwa siku: kupanga likizo ya watoto mjini Uvira

Shule za Kongo zikifungwa mwanzoni mwa Julai, vakanse kubwa huangukia kiangazi, majira yanayofaa sana kwa kutembea Uvira: mvua imekatika, tope limekauka, na mito inayoshuka kutoka milima ya Mitumba imepungua. Ndiyo maana ndugu wa Bukavu, Baraka na Bujumbura, hali ikiruhusu, huwatuma watoto kwa shangazi na wajomba zao wa ziwani wakati huo. Ugumu huanza pale watu wazima wanapokaa kupanga matembezi. Kwa kawaida hupanga kwa orodha: bandari ya Kalundu asubuhi, kisha soko, kisha ufukoni, kisha mpaka wa Kavimvira, na jioni samaki wa kuchoma. Orodha ya namna hiyo huandikwa kwa hamu ya mtu mzima, anayeridhika kwa kufika tu. Mtoto wa miaka saba hupata raha yake katika kufanya jambo, na vituo vitano kwa siku humwachia nafasi moja tu, ya kukokotwa mkono. Hoja yangu ni kwamba siku ya mtoto mjini ijengwe juu ya swali moja ambalo yeye mwenyewe anaweza kulijibu kwa macho na mikono yake. Saa, njia, chakula na fedha vifuate swali hilo.

Ncha hii ya kaskazini ya Tanganyika ina ushahidi mzuri wa nguvu ya swali moja. Aprili 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira wakitaka kujua jambo moja: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Ukiwa unatoka, ziwa hili lingeweza kuwa chanzo cha Nili. Hawakufika mdomoni mwa mto, lakini wenyeji waliwaambia wazi kwamba unaingia. Burton hakuliacha wazo lake; miaka michache baadaye alikuwa bado akitetea kwamba mto unatoka, na mabishano yakaendelea London. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi mdomo wa Ruzizi, wakakuta maji yanaingia ziwani, kama watu wa Uvira walivyosema miaka 13 kabla. Ugomvi wa wataalamu uliisha kwa kutazama maji yanaelekea wapi, kazi ambayo mtoto wa mwaka wa pili wa shule ya msingi anaiweza akiwa juu ya daraja na jani mkononi. Mtoto aliyesimuliwa kisa hicho nyumbani anatoka akiwa na shauri la kuamua. Atayaangalia maji kwa makini, atabisha na dada yake, atadondosha jani la pili ili kuhakikisha. Asiyesimuliwa ataona mto tu, kisha atauliza lini mnarudi nyumbani.

Si lazima kwenda hadi Ruzizi, na kwa watoto wadogo ni afadhali kutokwenda, kwa sababu delta yake ina viboko na mamba. Uvira ina mito yake ndani ya mji, Mulongwe na Kalimabenge, nayo ina madaraja. Wakati wa kiangazi Mulongwe huonekana mdogo kati ya mawe makubwa, na hapo swali linajileta: mawe haya yalitoka wapi, na nani aliyabeba? Mtoto akilinganisha mawe yaliyo karibu na mlima na mchanga ulio karibu na ziwa, ataona kwamba mto huangusha mzigo mzito kwanza na kwenda na mwepesi mpaka mwisho. Mkubwa anaweza kumweleza kwamba Aprili 2020, baada ya mvua kali, mto huohuo ulifurika ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kwa mkubwa kidogo, wa miaka 11 au 12, swali linaweza kuvuka hadi ziwani: kwa nini maji ya Tanganyika yalipanda miaka ya karibuni hadi yakaingia katika nyumba za ufukoni? Sehemu ya jibu ni kwamba mito mingi inaingia katika ziwa hili, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, mlango huo mmoja hautoshi. Hata hivyo busara itumike: mtoto ambaye kwao kulichukuliwa na maji asigeuzwe kuwa somo la wageni.

Swali la pili linalofaa ni la samaki. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, lakini karibu maisha yote yamo katika tabaka la juu, kwa sababu huko chini hakuna oksijeni. Ukimwambia mtoto kwamba sehemu kubwa ya ziwa analoliona haina samaki hata mmoja, atataka kujua basi wanaishi wapi. Majibu ni ya kufurahisha kuliko hadithi nyingi. Kuna jike anayetunza mayai na watoto wake mdomoni mpaka wajiweze. Kuna kambale mwenye madoa anayechanganya mayai yake na ya huyo jike, ili vifaranga vyake vilelewe bila yeye kutoa jasho. Kuna samaki wadogo wanaojificha na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Mialoni, asubuhi boti zinapopakua, mtoto anaweza kupewa kazi ya kutofautisha ndagala, mukeke na sangala, na kuwauliza akina mama wauzaji yupi hukaushwa, yupi huliwa mbichi, na bei inabadilika kwa nini. Usiku, akiwa kwenye ua wa nyumba iliyo mlimani kidogo, anaweza kuhesabu taa za wavuvi wa ndagala majini. Hapa kalenda ina maana kubwa. Wavuvi hao hutegemea giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hupungua au hazipo kabisa. Kuna pia miezi ya kufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Anayepanga awaulize wavuvi kabla ya kumwahidi mtoto taa.

Swali likishachaguliwa, saa zinajipanga. Uvira iko ufuko wa magharibi, jua huchomoza upande wa Burundi na kupiga ufuko moja kwa moja tangu asubuhi, kisha jioni hupotea mapema nyuma ya milima na kuacha kivuli. Kwa hiyo kazi ya kutembea ifanyike kati ya saa moja na saa nne asubuhi, mchana uwe wa kula, kulala na kucheza chini ya mwembe, na ufuko ungoje alasiri kivuli kinaposhuka. Nusu siku ya jambo moja inatosha. Mtoto wa miaka minne humaliza nguvu zake ndani ya saa moja, na anayempangia saa tano anapanga kilio. Watoto wa umri tofauti hawahitaji safari tofauti; wanahitaji kazi tofauti ndani ya swali lilelile: mdogo aokote mawe, wa kati ayapange kwa ukubwa, mkubwa achore ramani ya mto. Tena mtoto wa nyumba inayopokea wageni apewe kazi ya kuongoza. Yeye ndiye anayejua njia ya mkato na mwenye duka asiyependa kelele, na heshima hiyo humfanya afurahie ugeni ambao vinginevyo ungemnyang'anya kitanda chake bure.

Wapo watakaosema kwamba hii ni shule kwa mlango wa nyuma, na kwamba mtoto aliyesoma miezi kumi anastahili kuachwa acheze. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na anayegeuza matembezi kuwa mtihani atakuwa ameiharibu likizo. Lakini kucheza kwenyewe ni kazi yenye lengo. Watoto wakiachwa ufukoni hujenga bwawa la mchanga wajue kama litashikilia wimbi, hushindana nani atarusha jiwe mbali zaidi, hufuata kaa mpaka shimoni. Hayo yote ni maswali, ila hayakutungwa na mwalimu. Swali ninalopendekeza ni la namna hiyo: halina alama, halina daftari la lazima, na mtoto ana ruhusa ya kuliacha akipata lake lililo bora. Akienda kutazama mawe akaishia kutazama mjusi kwa nusu saa, siku imefaulu. Yule anayefuata orodha ndiye atakayemvuta aondoke, kwa sababu kituo cha tatu kinangoja.

Pingamizi zito zaidi linahusu maji. Uvira ni mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, na kandokando ya ziwa kuna kichocho. Mimi siuoni ukweli huo kuwa sababu ya kuwafungia watoto ndani. Nauona kuwa sababu nyingine ya kupunguza vituo. Familia inayokwenda mahali pamoja inaweza kubeba maji yake yaliyochemshwa au kutiwa dawa, sabuni, na chakula kilichopikwa nyumbani. Inayozunguka mji mzima huishia kununua barafu na juisi popote kiu inapowakuta. Kichocho nacho kina tabia inayojulikana: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani, na aina ya kichocho cha tumbo huvitoa kwa wingi zaidi kuelekea adhuhuri. Mahali pa wazi penye mawimbi na mchanga pana hatari ndogo kuliko kwenye matete, ingawa hakuna ufuko wa kuapia. Mtoto aliyeoga ziwani apelekwe kituo cha afya kupimwa baadaye, na dawa ipo. Kuhusu mamba na viboko kanuni ni fupi: watoto wasiingie majini karibu na midomo ya mito, na ufuko uachwe kabla giza halijaingia, maana viboko hutoka majini kwenda malishoni wakati huo.

Wengine watauliza kwa nini kujibana Uvira wakati Bujumbura iko ng'ambo, kama kilomita 30 kwa barabara. Mpaka ukiwa wazi, Bujumbura inafaa sana. Ina makumbusho hai yenye mamba na nyoka, na kusini yake, Mugere, liko jiwe la kumbukumbu ya safari ileile ya Livingstone na Stanley, hivyo swali la Ruzizi linaweza kuendelea hadi huko. Watoto wanaweza pia kuzijua ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2014. Lakini safari ya mpaka ina gharama isiyoonekana kwenye bajeti: foleni juani, karatasi za kila mtoto, idhini ya wazazi kwa asiyesafiri nao, na fedha za kubadilisha. Asubuhi nzuri ya mtoto inaweza kuishia kwenye benchi la ofisi. Anayevuka na avuke kwa usiku mmoja au zaidi, awe na mwenyeji upande wa pili, na siku ya kuvuka isiwekewe jambo jingine lolote. Safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo humfaidi zaidi mtu mzima mwenye shughuli zake.

Limebaki pingamizi ambalo mtu wa Uvira hawezi kulikwepa. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Je, si dhihaka kuzungumzia likizo? Ingekuwa dhihaka kama ushauri ungetegemea amani kamili, hoteli na mpaka usiofungwa. Pale risasi zinaposikika hakuna matembezi, na neno la mkubwa wa mtaa anayejua hali ya siku hiyo lina uzito kuliko mpango wowote. Lakini kati ya vipindi vya hofu kuna wiki za maisha ya kawaida, na mtoto anakua katika wiki hizo pia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unataja kupumzika na kucheza katika ibara ya 31 kama haki, bila kuweka sharti kwamba vita viishe kwanza. Mpango wa swali moja unafaa mazingira haya kwa sababu ni mwepesi kuuahirisha: hakuna tiketi iliyolipwa wala gari lililokodiwa, na daraja la Mulongwe halidai kiingilio. Mtoto aliyekimbia na kurudi anapata pia nafasi ya kuujua upya mji wake kwa jambo lisilohusu bunduki.

Anayepanga, basi, aandike orodha yake kama kawaida, kisha afute vyote isipokuwa kimoja kwa kila siku, na kwa hicho kimoja atafute swali ambalo mtoto hajui jibu lake lakini anaweza kulipata kabla ya saa nne asubuhi. Vilivyofutwa havipotei, vinaweza kungoja kesho au vakanse ijayo, maana mji hauhami. Siku ikipita, kipimo ni kumsikiliza mtoto akimsimulia mwenzake ambaye hakuwepo. Akitaja majina ya mahali tu, kesho yake punguzeni tena. Akianza kueleza kwa nini mawe ya juu ni makubwa kuliko ya chini, na mwenzake akambishia, wapelekeni wote wawili mtoni wakahakikishe.