Kinga Iliyomo Ndani ya Mbegu: Vita vya Ngano na Kutu ya Shina

Mwanadamu akivamiwa na maradhi, chembechembe nyeupe za damu husafiri mwilini hadi mahali penye adui na kupigana naye. Mmea hauna damu, wala hauna chembechembe za namna hiyo zinazozunguka. Tena mmea hauwezi kuhama; pale ulipoota ndipo utakapokutana na kuvu, bakteria na virusi vinavyoletwa na upepo, mvua na wadudu. Hata hivyo, mimea mingi ionekanayo mashambani na porini ni mizima. Je, mimea hiyo hujilinda kwa njia gani?

Jibu ni kwamba kila seli ya mmea hujilinda yenyewe, na maarifa ya kujilinda huyarithi kutoka kwa wazazi wake kwa njia ya jeni. Mfano ulio wazi sana wa jambo hili ni ule wa ngano na ugonjwa wake wa kale, yaani kutu ya shina. Mfano huo unastahili kufahamika vyema Afrika Mashariki, kwa kuwa mapambano makubwa ya miaka ya karibuni baina ya mmea huo na adui yake yalianzia huku.

Adui na njia zake

Kutu ya shina husababishwa na kuvu iitwayo Puccinia graminis. Kuvu hii husafiri kwa upepo katika umbo la spora, yaani vijimbegu vidogo mno visivyoonekana kwa macho kimoja kimoja. Spora ikitua juu ya jani au shina lenye umande, huota na kutoa uzi mwembamba. Uzi huo hutambaa hadi kwenye stomata, yaani tundu ambalo mmea huvutia hewa, kisha hupenya ndani. Huko kuvu huingiza kinyonyeo katika seli na kufyonza chakula cha mmea. Baada ya siku chache ngozi ya shina hupasuka, na vipele vyenye vumbi jekundu kama kutu ya chuma hutokeza. Vumbi hilo ni maelfu ya spora mpya, tayari kupeperushwa hadi shamba jingine. Ngano iliyoshambuliwa vikali huvunjika shina, na punje zake husinyaa.

Mabilioni ya wapagazi wa ugonjwa huu hupita hewani, lakini wengi wao hushindwa. Kizuizi cha kwanza ni ngozi ya mmea na kuta za seli zake. Kizuizi cha pili ni vipokezi vilivyo juu ya seli, ambavyo hutambua vitu vilivyo vya kawaida kwa kuvu zote, kama vile kitini, ambayo ni sehemu ya ukuta wa kuvu. Kitini ikitambuliwa, seli huimarisha ukuta wake na kutoa kemikali za kumzuia mvamizi. Lakini kuvu stadi hujibu kwa kuingiza ndani ya seli protini maalumu za uvamizi, ambazo kazi yake ni kuzima ulinzi huo. Hapo ndipo ulinzi wa tatu unapohitajika, na huo ndio ulioshughulisha wataalamu wa urithi kwa zaidi ya karne moja.

Mlinzi na sura ya mwizi

Mwaka 1905 Rowland Biffen, wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, alionyesha kwamba kinga ya ngano dhidi ya kutu ya manjano hurithiwa kwa kufuata kanuni za Mendel. Alichanganya ngano yenye kinga na ngano isiyo na kinga. Katika kizazi cha pili, takriban mmea mmoja katika kila minne ulikuwa na kinga. Kwa hiyo kinga ya ugonjwa haikuwa bahati wala nguvu ya jumla ya mmea, bali ilikuwa sifa ya urithi kama rangi ya ua.

Hatua iliyofuata ilitoka Marekani. Katika miaka ya 1940, Harold Flor alichunguza kutu ya mmea wa kitani huko North Dakota. Tofauti na wengi waliomtangulia, alichunguza urithi wa pande zote mbili: wa mmea na wa kuvu. Aligundua kwamba kila jeni ya kinga katika mmea ina jeni moja inayolingana nayo katika kuvu. Ni sawa na mlinzi wa lango aliyefundishwa sura ya mwizi mmoja tu. Mwizi huyo akija, hukamatwa mara moja. Lakini mwizi akibadili sura, mlinzi humwacha apite, ijapokuwa yuko macho.

Leo inajulikana kwamba walinzi hao ni protini zilizomo ndani ya seli, na kwamba sura wanazozitambua ni zile protini za uvamizi. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kwamba wametenga jeni mbili za kinga dhidi ya kutu ya shina: Sr35, itokayo katika ngano ya kale yenye punje ndogo, na Sr33, itokayo katika nyasi ya mwituni iliyo miongoni mwa wazazi wa ngano ya mkate. Herufi Sr hutumiwa na wataalamu kutaja jeni za kinga ya ugonjwa huu. Mwaka 2022 umbo la mlinzi Sr35 akiwa kazini lilichapishwa. Protini tano za namna hiyo, kila moja ikiwa imeshikana na protini ya kuvu, hujipanga kama duara na kufungua njia inayopitisha kalsiamu. Jambo hilo huiamuru seli ife. Kwa kuwa kuvu ya kutu huishi kwa seli iliyo hai tu, kifo cha seli chache humnyima mvamizi chakula, na mmea mzima hupona. Penye mapambano hayo hubaki doa dogo kavu tu.

Mlinzi aliyeshindwa

Miongoni mwa jeni za kinga zilizosifiwa sana ilikuwa Sr31. Jeni hii haikuwa ya ngano kwa asili. Ilitoka katika rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, ikaingizwa katika ngano kwa uzalishaji wa mbegu. Kwa miongo kadhaa ilizuia kutu ya shina, na mbegu zenye jeni hiyo zikaenea katika nchi nyingi. Baadhi ya watu walidhani kwamba ugonjwa huo umekwisha.

Mwaka 1998 vipele vya kutu vilionekana kwenye ngano yenye Sr31 katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda. Kuvu hiyo ilipochunguzwa mwaka 1999 ilipewa jina la Ug99. Haikukaa Uganda. Ilionekana Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikafika Ethiopia mwaka 2003, Sudan na Yemen mwaka 2006, na Iran mwaka 2007. Mwaka 2005 Norman Borlaug, mzalishaji wa mbegu za ngano aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, aliwaonya viongozi na wataalamu waliokutana Nairobi kwamba hatari hiyo ni ya dunia nzima.

Ug99 yenyewe haikutulia. Mwaka 2006 ilipatikana Kenya aina mpya iliyoishinda pia jeni Sr24. Msimu uliofuata, ngano ya KS Mwamba, ambayo ilitegemea jeni hiyo na kupendwa na wakulima, ilishambuliwa. Baadaye ikaja mbegu ya Robin, ikilindwa na jeni SrTmp. Mwaka 2014 nayo ilipatwa na aina nyingine. Kwa mkulima aliyekwisha kununua mbegu, mbolea na kulima shamba lake, habari hizo hazikuwa nadharia ya darasani. Zilikuwa hasara ya msimu, au gharama mpya ya dawa za kupulizia.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Kosa halikuwa katika jeni hizo, bali katika kuziachia kazi nzima moja moja. Hesabu rahisi yaweza kulieleza jambo hili. Chukulia kwamba katika spora 1,000,000 hupatikana moja iliyobadilika sura kwa ghafla na kumpita mlinzi mmoja. Shamba lenye ugonjwa hutoa spora nyingi mno, kwa hiyo spora hiyo haina budi kutokea. Lakini mmea ukiwa na walinzi wawili wanaotambua sura tofauti, spora ya kuwapita wote kwa mara moja hutazamiwa kupatikana moja tu katika 1,000,000 mara 1,000,000. Wakiwa watatu au wanne, nafasi hiyo hupungua mno. Hata hivyo, kuvu nayo ina hila zake: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba Ug99 ilizaliwa kwa kuvu mbili kubadilishana viini vya seli zao.

Kwa sababu hiyo wazalishaji wa mbegu hujitahidi kukusanya jeni kadhaa katika mbegu moja. Pia hutafuta jeni za namna nyingine, ambazo haziui kuvu bali hupunguza kasi yake. Mfano ni Sr2, ambayo Edgar McFadden wa Marekani aliipata katika ngano ya kale iitwayo Yaroslav na kuiingiza katika ngano ya mkate kabla ya mwaka 1930. Ulinzi wake si mkamilifu, lakini umedumu hadi leo. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza ngano iliyopewa jeni tano za kinga zikiwa zimeunganishwa pamoja, hivyo kwamba zilirithiwa kama kitu kimoja. Na huko Njoro nchini Kenya, ambako kutu iliharibu ngano ya walowezi tangu mwanzo wa karne ya 20, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi mbalimbali hupandwa ili zijaribiwe mbele ya kuvu yenyewe.

Funzo lililo kubwa ni kwamba walinzi wengi walipatikana katika nyasi za mwituni na mbegu za kale zilizodhaniwa hazina faida. Mbegu ya namna hiyo ikipotea, mlinzi ambaye hajajulikana hupotea nayo.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi vita hivi bila ya maabara. Majani ya maharagwe yenye kutu hupatikana katika mashamba mengi wakati wa mvua. Yakusanywe majani ya aina mbalimbali za maharagwe na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Baadhi yatakuwa na vipele vilivyojaa vumbi jekundu: hapo kuvu imeshinda. Mengine huenda yakawa na madoa madogo makavu yasiyo na vumbi: hapo seli chache zimekufa ili jani lipate kuishi.