Kichwa Kilichogongwa

Njia kuu ya Goma na Sake yapita Mubambiro, na malori na pikipiki huenda mbio humo. Kijana akigongwa huenda akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Mimi mzima." Dereva humpa fedha kidogo, shauri likaisha.

Ndugu wasomaji, msifanye haraka hivyo. Damu yaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, dalili zikaonekana baada ya saa au siku kadha: kichwa kuzidi kuuma, kutapika, kusinzia kupita kiasi, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko ya pili. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali mara moja. Wengine hupona jeraha, lakini husahau masomo na kukasirika bure. Watu husema ni ulevi au uchawi, kumbe ni ubongo ulioumia.

Kifungu cha 258 cha sheria za raia za Kongo chaagiza kwamba amdhuruye mwenziwe kwa kosa lake sharti amlipe. Tena, tangu 1973 sheria yalazimisha kila gari liwe na bima. Basi andikeni nambari ya gari na majina ya mashahidi, tunzeni cheti cha daktari, wala msitie sahihi mapatano yoyote kabla daktari hajasema neno lake.