Malezi yenye mwitikio na sanaa kwa mtoto mchanga

Malezi yenye mwitikio ni namna ya kumtunza mtoto ambapo mlezi huziangalia ishara za mtoto, huelewa maana yake, kisha huzijibu mapema na kwa upendo. Ishara hizo ni kama kulia, kutabasamu, kugeuza uso, kunyoosha mkono au kutoa sauti. Sanaa za nyumbani, yaani wimbo, mdundo, hadithi, picha na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, ni njia nyepesi ya kutekeleza malezi hayo, kwa sababu humpa mlezi na mtoto jambo la kupokezana.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia walitaja malezi yenye mwitikio kuwa moja ya nguzo 5 za malezi jumuishi. Nyingine ni afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali.

Historia

Sehemu muhimu ya msingi wa elimu hii iliwekwa kando ya Ziwa Viktoria. Katika miaka 1954-1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alitembelea nyumba za akina mama 26 wa Kiganda karibu na Kampala, akatazama jinsi watoto wao wachanga walivyoshikamana nao. Aliona kwamba watoto waliokuwa na utulivu zaidi ni wale ambao mama zao waliweza kueleza mambo madogomadogo kuhusu mtoto: anapenda nini, hulia vipi akiwa na njaa, hulia vipi akitaka kubebwa. Matokeo hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1967.

Miaka ya 1970 Robert LeVine na wenzake walichunguza malezi ya Wagusii wa Kenya. Mama wa Kigusii waliwahi kumbeba na kumtuliza mtoto aliyelia, lakini walizungumza naye uso kwa uso mara chache kuliko mama wa Marekani. Hivyo mwitikio una sura nyingi kufuatana na mila: mgongo, titi na mkono hujibu, sawa na mdomo.

Jinsi unavyofanya kazi

Wakati wa kuzaliwa ubongo wa mtoto una takriban robo ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, nao hukua kwa kasi sana katika miaka 3 ya kwanza. Njia za mawasiliano ndani ya ubongo huimarika kadiri zinavyotumika. Mtoto akitoa sauti na mtu akamjibu, hujifunza kwamba sauti yake ina maana.

Edward Tronick alionyesha jambo hilo miaka ya 1970. Mama aliyekuwa akicheza na mtoto wake aliombwa anyamaze kwa dakika chache na kumtazama bila kubadilisha uso. Watoto walijaribu kumrudisha mchezoni kwa tabasamu na sauti, kisha wengi wakageuka pembeni au kuanza kulia.

Nafasi ya sanaa

Wimbo. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, na baada ya kuzaliwa huitambua sauti ya mama yake. Wimbo wa kubembeleza humtuliza kwa mdundo unaojirudia. Faida huongezeka mlezi anapokatisha wimbo kidogo na kumngoja mtoto arushe miguu au atoe sauti, kisha akaendelea.

Picha na rangi. Mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, na huvutwa na mistari yenye rangi zinazotofautiana sana. Pindo la kanga, au duara jeusi lililochorwa kwenye karatasi nyeupe, vinatosha. Uso wa anayempakata ndio picha anayoipenda zaidi.

Vifaa vya kuchezea. Chupa yenye mbegu ndani, iliyofungwa vizuri, humfundisha mtoto kwamba akitikisa hutokea sauti. Mjini Kingston, Jamaika, wahudumu wa afya walitembelea kila wiki kwa miaka 2 familia za watoto waliodumaa, wakiwafundisha mama kucheza nao kwa vifaa vya kutengeneza nyumbani. Miaka 20 baadaye watoto hao walikuwa na kipato kikubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakupata huduma hiyo.

Katika yote hayo, kinachomjenga mtoto ni jibu. Redio na simu huimba vizuri, lakini hazingoji wala hazimjibu mtoto. WHO inashauri mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Tanzania

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), inayohusu watoto wa miaka 0 hadi 8. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Kiseke na Mwanza

Kiseke ni kata ya Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza. Mkoa huu ni sehemu ya nchi ya Wasukuma, wanaojulikana kwa mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Mjini wanaishi pia Wakerewe, Wajita, Wahaya na wengine, kila jamii ikiwa na nyimbo zake za kubembeleza. Nyimbo hizo hazina gharama, na mtoto hunufaika akiimbiwa kwa lugha ambayo mlezi anaimudu zaidi.

Changamoto kubwa ni muda. Sheria ya kazi humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 (100 kwa pacha), na baba siku 3. Mama anayeuza dagaa au mboga hana likizo ya kulipwa. Kwa hiyo mtoto wa miezi 3 mara nyingi huachwa kwa bibi, dada wa kazi au kituo cha kulelea watoto mchana. Hao nao ni walezi, na mafunzo yanayomlenga mama peke yake huwaacha nje. Nafasi za kuimba na kuzungumza na mtoto zipo ndani ya kazi za kila siku: kunyonyesha, kuogesha, kubadilisha nepi na kumbeba mgongoni.

Tahadhari

- Shanga, vifungo na mbegu zisizofungwa vizuri zinaweza kumkaba mtoto.
- Rangi za kupakia nyumba zisitumike kwenye vifaa vya kuchezea, kwani nyingine zina madini ya risasi.
- Mtoto anayegeuza uso, kupiga miayo au kukunja mgongo amechoka. Kumwacha apumzike ni jibu pia.
- Mtoto ambaye hashtuki kwa sauti kubwa, au hatabasamu kwa watu afikapo miezi 3, apelekwe kituo cha afya achunguzwe.