Je, Wajua? Mto Unaogawa Mbolea Bila Gunia

Je, wajua kwamba Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hutembea takriban kilomita 1,000 kutoka Nyandarua na Mlima Kenya hadi Kipini, na kila mwaka hubeba mamilioni ya tani za udongo? Udongo huo ukitua kwenye tambarare za Garsen, hiyo ndiyo mbolea. Haina gunia, haina bei, haina deni!

Sasa linganisha na hili. Wataalamu wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wanasema udongo wa juu wenye unene wa sentimita 2 au 3 unaweza kuchukua miaka 1,000 kujijenga. Tana hutandika tabaka jipya kwa furiko moja tu.

Je, wajua kwamba kwa desturi mafuriko hayo huja mara 2 kwa mwaka, ya masika na ya vuli, na wakulima Wapokomo wa kingo za mto wamepanga mashamba yao kwa kuyafuata? Juu ya kingo miembe na migomba, chini bondeni mpunga, na maji yakipungua mahindi na kunde hupandwa kwenye unyevu ulioachwa. Na usisahau: tuni ya Wimbo wa Taifa wa Kenya ilitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa akina mama hawa hawa wa Kipokomo!

Hili sasa nalipenda kuliko yote, sogea karibu. Kule kijijini Ozi, jirani na mdomo wa mto, bahari yenyewe ndiyo pampu! Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, bahari huyasukuma na kuyainua maji ya mto yaliyo juu yake, nayo hupanda mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Maji yakipwa, shamba hujimwaga lenyewe. Hakuna dizeli. Hakuna fundi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, mkulima anajua siku yake ya maji.

Je, wajua kwamba mdomo wa Tana wa leo ulisaidiwa na majembe? Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, wapitishe mitumbwi. Mto ukaupenda mfereji, ukaupanua, ukaingia huko mzima mzima.

Na ng'ombe je? Kiangazi kikikaza, wafugaji Waorma na Wardei huteremsha mifugo yao kwa makumi ya maelfu hadi kwenye nyasi zilizooteshwa na mafuriko. Hupita njia maalumu za kufikia maji ziitwazo malka. Furiko hilo hilo limelisha mpunga, samaki na ng'ombe kwa zamu. Nitajie kiwanda kinachofanya kazi 3 kwa maji yale yale!

Haya, hesabu viumbe. Ndege: zaidi ya aina 350. Kamongo, samaki mwenye mapafu, hujizika kwenye tope maji yakikauka na kungoja mvua. Halafu kuna kima wa aina mbili, mbega mwekundu wa Mto Tana na mangabei wa Mto Tana. Ukitaka kuwaona porini popote pengine duniani, hutawaona. Wapo hapa tu, kwenye vipande vya msitu kandokando ya mto huu.

Ngoja kwanza, maana sasa tunafika kwenye mashamba makubwa.

Je, wajua kwamba Bura, kaskazini mwa Hola, ilipangiwa hekta 6,700 za umwagiliaji kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine? Pamba ndiyo ingekuwa mfalme. Zikatimia hekta 2,500 hivi, kwa gharama iliyoufanya mradi uwe miongoni mwa miradi ghali zaidi Afrika kwa kila hekta! Pampu zikaharibika mara kwa mara, maji yakakatika, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 pamba ilikuwa imekwisha. Familia zilizoletwa kutoka mbali zikabaki jangwani zikitazama mifereji mikavu. Hilo linauma hadi leo.

Mti wa mathenge nao ulipandwa Bura na Hola miaka ya 1980 ili wakulima wapate kuni wasikate msitu wa mtoni. Leo umevamia malisho na mashamba. Mbuzi hula maganda yake matamu, sukari inawaozesha meno, kisha wanasambaza mbegu kwa kinyesi. Mizizi? Huko Marekani, mzizi wa mti wa jamii hii ulikutwa mita 53 chini ya ardhi!

Hola je? Mwaka 1989 Tana ulihama njia na kuiacha pampu ya mradi wa umwagiliaji wa huko bila maji. Mto haukuomba ruhusa kwa mtu.

Kusini, karibu na Garsen, TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ilijenga mradi mkubwa wa mpunga kwa msaada wa Japani, na matuta marefu ya kuzuia mafuriko. Mvua za El Niño za 1997 zikayabomoa. Mpunga wa Wapokomo unayangoja maji hayo hayo, ule mwingine uliyafungia nje.

Kisha ikaja sukari. Mwaka 2008 TARDA na Kampuni ya Sukari ya Mumias zilitaka kugeuza takriban hekta 20,000 za delta ya Tana kuwa miwa. Je, wajua kwamba kilo 1 ya sukari ya miwa hugharimu, kwa wastani wa dunia, lita 1,780 za maji? Kilo 1 ya kitambaa cha pamba huzidi hapo mbali: lita 10,000! Mpango ule wa miwa haukutimia, na Mumias yenyewe ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019.

Mwaka huo huo wa 2008 Qatar nayo ilitajiwa hekta 40,000 za kulima chakula chake. Bedford Biofuels ya Kanada ilitaka ekari 160,000 za mibono ya kutengenezea mafuta ya magari. Mipango yote miwili haipo. Ardhi ipo.

Unadhani mto hauwezi kwisha? Uliza Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati. Lilikuwa ziwa la 4 kwa ukubwa duniani. Tangu miaka ya 1960 mito yake ikaelekezwa kwenye mashamba ya pamba, na leo meli zimelala mchangani.

Tana yenyewe ina mabwawa 5 ya umeme, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988. Taa zinawaka Nairobi, ndiyo, lakini mabwawa hunasa udongo na kupunguza nguvu ya mafuriko. Kule Ozi maji ya chumvi sasa yanapanda mtoni na kuua migomba na mpunga. Pampu ile ya bahari niliyokusimulia inahitaji mto wenye nguvu, na kila mfereji mpya wa shamba kubwa unauibia.

Je, wajua nani analisha dunia? Mashamba yasiyofika hekta 2 hutoa theluthi moja hivi ya chakula chote, juu ya robo tu ya ardhi inayolimwa. Wakulima wadogo hao!

Mwaka 2012 hekta 163,600 za delta ziliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Mwaka huo huo, ole wetu, ugomvi wa malisho, mashamba na maji uliua watu zaidi ya 100 hapa hapa. Februari 2013 Mahakama Kuu, kwa kesi iliyofunguliwa na wakazi wenyewe, iliamuru mipango ya matumizi ya ardhi itengenezwe wananchi wakishirikishwa. Mwaka 2015 mpango wa delta ukazinduliwa, ukiwa na nafasi ya mkulima, mfugaji, mvuvi na msitu.

La mwisho, likae kichwani. Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya inakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine ameshaumia! Basi tangazo la mradi mpya wa Tana likitoka gazetini, lisome hadi mwisho, na upeleke maoni yako NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa maandishi kabla siku hazijaisha.