Mshauri Asiyeweza Kupuuzwa

Kamati ya ushauri ya wananchi, yaani kundi la wakazi wanaoteuliwa au kuchaguliwa ili waieleze serikali iliyo karibu nao maoni yao kuhusu mipango yake, ni chombo kisichokosekana siku hizi katika sera za uendelevu, zile sera zinazokusudia kwamba maji, udongo na misitu vinavyotumiwa na kizazi hiki viwafae pia watakaofuata. Hakuna gavana wala diwani anayesimama hadharani kuipinga kamati ya namna hiyo, na urahisi huo wa kukubalika ndio hasa unaozua shaka, kwa kuwa ni vigumu kuamini kwamba chombo kisichomtia hofu mwenye madaraka yeyote kinaweza kubadili uamuzi wake wowote.

Aliyeisema shaka hiyo waziwazi kuliko wengi alikuwa mtu wa kazi, aliyeyaona mambo kutoka ndani ya serikali. Sherry Arnstein alikuwa mshauri mkuu wa ushiriki wa wananchi katika Mpango wa Miji ya Mfano, uliosimamiwa na wizara ya nyumba na maendeleo ya miji ya Marekani kwa sheria ya mwaka 1966 ili kuinua vitongoji maskini. Mwaka 1969 alichapisha makala fupi katika jarida la wataalamu wa mipango miji, akaupanga ushiriki kama ngazi yenye vipandio 8. Chini kabisa aliweka hila na tiba, ambako mwananchi anaitwa mkutanoni ili abadilishwe mawazo. Katikati akaweka kupewa habari, kuulizwa maoni na kutulizwa, ambako mwananchi anasikilizwa bila uhakika wowote kwamba alilolisema litatendwa. Juu akaweka ubia, kukabidhiwa madaraka na, kileleni, udhibiti wa wananchi wenyewe. Alisema kwamba ushiriki ni kama kula spinachi: hakuna anayeupinga, kwa sababu kila mtu anaambiwa una faida, lakini makubaliano hayo huvunjika pale wasio na kitu wanapodai kwamba ushiriki maana yake ni kugawana madaraka.

Jambo linaloshtua katika ngazi hiyo, hata kwa msomaji wa leo, ni mahali zilipowekwa kamati za ushauri. Arnstein hakuziweka zote katikati pamoja na mikutano ya hadhara na hojaji, bali aliziweka nyingi katika kipandio cha kwanza, cha hila. Hoja yake ilitokana na mambo aliyoyajua: katika miradi ya kubomoa na kujenga upya miji, wakazi waheshimiwa waliitwa kwenye kamati, na mle ndani maofisa ndio waliowafundisha, waliowashawishi na waliowashauri wananchi, kisha majina ya wanakamati yakatumiwa kuthibitisha kwamba umma umeridhia. Zile kamati zilizokuwa na heshima zaidi, ambazo ushauri wake ulipokewa kwa dhati huku haki ya kuamua ikibaki mikononi mwa wakubwa, alizipandisha hadi kipandio cha 5, cha kutulizwa, wala si juu ya hapo. Na miji mingi kati ya 75 ya awamu ya kwanza ya mpango aliokuwa ameutumikia aliikuta papo hapo au chini yake. Mtumishi wa zamani wa serikali kuandika hivyo kuhusu kazi ya serikali si jambo dogo, na ukali wake unastahili shukrani.

Ukipimwa kwa kipimo hicho, utaratibu uliobuniwa Kenya miaka ya 2010 una kifungu kimoja ambacho kinasumbua akili, kwa sababu ni kifupi mno kulinganishwa na uzito wake. Utaratibu wenyewe ni Mfuko wa Kaunti wa Mabadiliko ya Tabianchi, ulioanza kujaribiwa Isiolo kisha ukaenea Makueni, Wajir, Kitui na Garissa, zote zikiwa kaunti ambazo ukame haumkuti mtu akiwa mgeni nao. Makueni iliutungia kanuni mwaka 2015 na kujifunga kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo. Wajir ikafuata mwaka 2016 kwa sheria inayotaja asilimia 2. Sehemu kubwa ya fedha hizo, kwa kawaida asilimia 70, hupangiwa matumizi na kamati za wadi, ambazo wajumbe wake huchaguliwa na wakazi wa wadi hiyo, na asilimia 20 huenda kwenye miradi ya kaunti nzima.

Kifungu chenyewe kinahusu kinachotokea baada ya kamati ya wadi kuamua. Mradi wake hupelekwa kwenye kamati ya kaunti, ambako wamo maofisa na wahandisi, na kamati hiyo inaruhusiwa kuuboresha, kusahihisha michoro na hesabu zake, hata kuurudisha wadini ufanyiwe kazi zaidi; lakini ikiwa mradi umetimiza vigezo vilivyokubaliwa, kamati ya kaunti haina kura ya turufu, yaani haina mamlaka ya kuukataa. Kwa hiyo mwanasiasa anayependelea barabara mahali ambapo wakazi wametaka maji hana njia halali ya kuufuta mradi wa maji, ila aonyeshe kigezo ulichokivunja. Vigezo hivyo vimeandikwa kwa lugha ya kawaida: mradi uwafae watu wengi, uimarishe uchumi au huduma muhimu, usaidie kustahimili mabadiliko ya tabianchi, uwe umejadiliwa na wote unaowagusa, uwezekane na udumu, thamani yake ilingane na gharama, na, jambo ambalo wahandisi pekee wasingelifikiria, ujenge maelewano badala ya kugombanisha watu. Kigezo hiki cha mwisho kina maana nzito katika nchi ya wafugaji, ambako kisima kilichochimbwa penye malisho ya akiba ya kiangazi huvuta makazi na mifugo mwaka mzima, na akiba hiyo ikaisha kabla ya ukame kufika.

Thamani ya kifungu hicho huonekana vizuri zaidi kando ya mto wa msimu kuliko ofisini. Bwawa la mchanga, ambalo katika nchi ya Wakamba limejengwa kwa miongo kadhaa, ni ukuta wa zege au wa mawe unaokatiza mto mkavu na kusimama juu ya mwamba. Mafuriko yakija hubeba mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga huo, yakichukua kati ya robo na asilimia 40 hivi ya ujazo wake, mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi na mbu hawazai. Mafanikio yote yanategemea mwamba. Msingi usipoushika, maji hupita chini ya ukuta. Mabawa ya ukuta yasipoingia vya kutosha katika kingo, mafuriko huzunguka pembeni na kuula udongo mpaka ukuta ukabaki umesimama peke yake katikati ya mto uliohama. Anayejua mwamba uko wapi, kabla ya mhandisi kuleta vifaa vyake, ni mtu ambaye kwa miaka amekuwa akifukua mchanga kwa mikono ili kuteka maji, na anafahamu kisima kipi hukauka mwezi wa 7 na kipi hufika mwezi wa 10. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, na mara nyingi hajawahi kuulizwa.

Kuna jambo jingine kuhusu ukuta huo: ukishazikwa na mchanga, msingi wake haukaguliki tena. Mkandarasi aliyepunguza mifuko ya saruji au aliyesimamisha ukuta juu ya mchanga badala ya mwamba hagunduliki siku ya uzinduzi, ila baada ya misimu miwili mitatu, wakati amekwishalipwa na kuondoka. Ndiyo maana utaratibu mwingine wa Makueni, uliojengwa wakati wa gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, unastahili kutajwa hapa: kila mradi una kamati ya usimamizi ya wakazi wa mahali hapo, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie saini kwamba kazi imefanyika. Mjumbe aliyekuwepo siku msingi unachimbwa, aliyehesabu mifuko na kuona mwamba ukisafishwa, anatia saini kwa alichokiona. Ambaye hakuwepo anatia saini kwa alichoambiwa, na karatasi hazitofautishi saini hizo mbili.

Katika ngazi ya Arnstein mambo haya hayakai tena kwenye kutulizwa. Yeye mwenyewe alilitaja pendekezo la wananchi kupewa kura ya turufu kuwa ni sura mojawapo ya kukabidhiwa madaraka. Kenya ilifika karibu na hapo kwa njia ya kinyume, kwa kuwanyang'anya maofisa kura hiyo. Hata hivyo, angeuliza maswali ambayo hayana majibu mepesi. Aliandika kwamba ubia hufanya kazi vizuri pale ambapo kundi la wananchi lina fedha za kuwalipa viongozi wake posho na za kuajiri wataalamu wake lenyewe, na kuwafukuza ikibidi. Mhandisi anayeishauri kamati ya wadi kuhusu msingi wa bwawa ni mwajiriwa wa kaunti ileile. Akisema mradi hauwezekani, kigezo kimevunjika, na kura ya turufu imerudi kwa mlango wa nyuma bila mtu kuitaja. Na mama anayeacha shamba siku nzima ili akae mtoni akihesabu saruji, gharama ya siku yake inaingia katika bajeti ipi?

Mpango wa Miji ya Mfano ulifungwa mwaka 1974, na kamati zake, zile za hila na zile chache zilizokuwa na nguvu za kweli, zikapoteza bajeti kwa pamoja. Nchini Kenya mambo yanakwenda upande mwingine: tangu mwaka 2021, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, mfumo wa kamati za wadi umepelekwa karibu katika kaunti zote 47, na kaunti zimetakiwa kutunga sheria za tabianchi ili zistahili kupata fedha hizo. Sheria hizo hupitishwa na kurekebishwa katika bunge la kaunti, ambamo kamati ya wadi haina kiti wala kura. Kila sheria itakuwa na kamati za wadi, kwa kuwa bila hizo fedha haziji. Kama ina pia ile sentensi moja inayomnyima ofisa mamlaka ya kukataa, hilo mkazi atalijua kwa kuisoma sheria ya kaunti yake, kifungu kwa kifungu, na kuuliza katika mkutano wa hadhara unaofuata ikiwa haimo.