Kalamu na Majira ya Mwaka

Kila mwalimu amekwisha kuliona jambo hili: mtoto anachora, mkono wateleza, mstari wapinda. Mara achana ukurasa na kuukunjakunja, machozi yakimlengalenga. Katika darasa letu tulikuwa na mmoja wa namna hiyo. Akili alikuwa nazo; hofu ya kukosea tu ndiyo iliyomshinda, na daftari lake lilizidi kuwa jembamba. Tulimtafutia dawa, nasi twapenda kuwaeleza ninyi wazazi dawa tuliyoipata.

Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, bibi Maria Thomas alikuwa fundi wa kuandika herufi za urembo. Siku moja alikuwa akitia nakshi nyuma ya herufi kubwa, kama walivyofanya wamonaki wa kale katika vitabu vyao. Akatambua ya kuwa mawazo yake yametulia, wala hakuhisi saa zikipita. Mwenzake, Rick Roberts, alimwonyesha kwamba huko ndiko kutafakari. Basi wakatengeneza utaratibu ambao hata asiyejua kuchora aweza kuufuata, wakauita Zentangle.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kata karatasi nyeupe ya mraba, kila upande sentimeta 9. Tulia kidogo, ukashukuru. Kwa penseli tia nukta 4 pembeni, uziunganishe. Ndani yake pitisha mstari mmoja wa kuzungukazunguka, upate vyumba vidogo. Kisha kwa kalamu ya wino mweusi jaza kila chumba nakshi yake, mstari baada ya mstari, pasipo haraka. Mwishoni tia kivuli kwa penseli, andika herufi za jina lako, ukaitazame kazi kwa mbali. Kifutio hakitumiki. Mstari ukipinda, rudia pindo hilo mara nyingi, nalo litageuka nakshi.

Na nakshi zatoka wapi? Kwetu Katanga majira yenyewe hutufundisha. Mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, tazameni tope la dimbwi lililokauka: limepasuka vipande vipande kama wavu. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, miti ya miombo huchipua majani mekundu. Lishikeni moja juani, mwone mishipa yake. Mvua ikifika, kila tone huchora duara ndani ya duara juu ya maji. Baadaye mahindi husimama shambani safu kwa safu. Asiyetazama kwanza hana la kuchora.

Mwanafunzi wetu alichagua tope lililopasuka. Katikati ya kazi mkono uliteleza, akatuinulia macho. Hatukusema neno. Alikaa kimya, kisha akachora ufa wa pili kando ya ule, na wa tatu. Ukurasa haukuchanwa.

Hatusemi kwamba kalamu yaondoa njaa, au yalipa karo ya shule. Lakini nusu saa ya utulivu jioni, baba, mama na watoto wakiizunguka taa moja, ni faida kubwa kwa gharama ndogo. Mwaka nao hauna kifutio. Mvua ikikatika mapema na mbegu zikafa, mkulima halichomi shamba lake kwa hasira. Huchukua jembe, akapanda tena. Tuwafundishe watoto wetu vivyo hivyo.