Msimbo Ulio Wazi Hulindwaje?

Kijana wa Namakwekwe, hapa Mbale, aliyeandika programu ya hesabu za SACCO na sasa anataka kuutoa msimbo wake hadharani, huuliza mambo mawili kwa mkupuo: nitawazuiaje watu wasiuige, na nitawazuiaje wadukuzi wasiuvunje? Kila swali lina jibu lake, na wanaoyachanganya ndio wanaopata hasara.

La kwanza halina dawa ya kiufundi. Msimbo unaosomeka unanakilika. Kinga yake ni sheria: Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi inayolindwa, na ulinzi huo haungoji usajili. Mwandishi akishatoa msimbo, haki bado ni yake. Leseni ndiyo inayoeleza nini ameruhusu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, hutolewa kwa leseni ya Mozilla: ukibadili faili zake na kuzisambaza, huna budi kuziacha wazi. Kwa masharti hayo hayo Uganda ilijenga UgandaEMR juu yake, na hakuna aliyeibiwa.

La pili lilijibiwa mwaka 1883 na mtaalamu wa usimbaji fiche, Auguste Kerckhoffs, aliyetaka mfumo wa siri ubaki imara hata adui akiujua wote, ilimradi hajaupata ufunguo. Kwa hiyo msimbo kusomwa na watu si hatari. Hatari ni nywila ya hifadhidata, au ufunguo wa huduma ya pesa za simu, ulioandikwa ndani ya faili. Wengi wakigundua hulifuta neno hilo wakalala usingizi, kumbe Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, imelihifadhi katika historia, na yeyote atalifukua. Ufunguo uliowahi kuonekana ubatilishwe siku hiyo hiyo, utolewe mwingine, nao ukae kwenye seva, nje ya msimbo. Vivyo hivyo ukaguzi wa malipo: ukifanyika ndani ya simu ya mteja, aliyeupata msimbo atauondoa kwa dakika chache. Ufanyike kwenye seva.

Ndugu msomaji, kabla hujautoa msimbo wako, pekua historia yake yote, si faili za leo tu. Kisha weka faili ya leseni yenye jina lako na mwaka.